Magari Mawili Yanakuja Bugarama, na Yote Nimeyakubali Mimi

Mpendwa Bibi Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie upesi kama unaweza, maana barua hii nimeiandika mara tatu, na mara mbili za kwanza nilianza kwa kumsifu mume wangu nikajikuta karatasi imekwisha kabla sijaifikia shida yenyewe, kwa hiyo safari hii nitajitahidi nimsifu kidogo tu.

Naitwa Melania. Nilisoma shule ya wasichana Tabora mpaka darasa la kumi, na tangu mwezi wa tano mwaka huu ni mke wa Athanas, fundi wa magari katika mgodi wa dhahabu hapa Geita. Bibi, sijui kama wewe uliolewa ukiwa na furaha kama yangu. King'ora cha mgodi kikilia asubuhi, Athanas huniita jina langu polepole kana kwamba ndiyo kwanza analijaribu mdomoni, na jioni akirudi ananuka petroli na grisi, nami tangu siku ya kwanza niliipenda harufu ile kuliko marashi yote ya dukani, na ovaroli yake nikiisha kuifua naikunja kwa uangalifu kama wanavyokunja mavazi ya padri. Ameniwekea rafu ya vitabu vyangu vinne, rafu ndefu ya kutosha vitabu arobaini, akasema vingine vitakuja. Basi. Nimesema kidogo.

Shida yangu ni magari. Athanas anapenda gari la mbio, gari lenye injini inayovuta kweli, na siku ya harusi yetu alisimama mbele ya watu wote akaniahidi kwamba iko siku nitakunywa chai ya asubuhi hapa Geita na jioni ya siku hiyo hiyo nitakaa na mama yangu kwetu Songwa, kule karibu na mgodi wa almasi, safari ambayo mimi kwa basi na malori hunichukua siku mbili nzima na nikifika mama hunipangusa vumbi kwanza ndipo ajue ni mwanawe. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilitoa machozi mpaka msimamizi wangu akanipa leso yake.

Sasa hapa mgodini yuko Mzungu mmoja, injinia, ambaye mkataba wake unakwisha na mwisho wa mwezi wa tisa anarudi kwao. Ana gari dogo la Kiingereza, la kijani, refu mbele na fupi nyuma, paa lake ni turubai la kukunja, na viti vyake ni viwili tu. Athanas ndiye aliyelitunza miaka minne. Injini ile ameifungua na kuifunga mara nyingi hata likipita barabara ya hospitali yeye akiwa chini ya lori anakuambia ni silinda ipi leo imeamka vibaya. Injinia alimwambia kwamba kabla hajalitangaza Mwanza angependa kumwuzia yeye, na ili tulione alitupa ruhusa tulipande Jumapili moja baada ya misa.

Bibi, tulikwenda njia ya Nungwe. Sijui nikuelezeje. Miti ilikuwa ikija na kuondoka, kitambaa changu cha kichwa kilichukuliwa na upepo na hatukurudi kukitafuta, Athanas alikuwa akicheka peke yake kama mtu anayekumbuka jambo, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa shati lake nikisema moyoni kwamba kama dunia ingekuwa na watu wawili tu ingetosha. Tuliposimama kidogo, mama wawili waliokuwa wakitoka kisimani walilizunguka gari lile, mmoja akaniuliza, "Mayu," yaani mama, "mbona gari lenyewe limechuchumaa? Limechoka, au ndivyo lilivyozaliwa?" Athanas akawajibu kwamba limechuchumaa kwa sababu linataka kuruka. Kweli lilikuwa chini sana, mara mbili tumbo lake lilikwaruza tuta la katikati ya njia, na harufu ya petroli siku hiyo ilinizidi nikashuka nikatapika nyuma ya kichaka, lakini hilo si neno, nilikuwa sijala kitu kabla ya misa.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Unalipenda?" Nikamwambia, "Nalipenda. Lina viti viwili, na sisi tu wawili." Kesho yake akaenda kwa injinia akampa nusu ya bei, akiba yake ya miaka, nusu nyingine atoe siku ya kulichukua, wakapeana mikono. Akaniomba neno moja tu: nisimwambie baba yake. Anataka Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tisa alipeleke mwenyewe Bugarama, ambako ndiko kwao, baba yake akae kwenye kigoda chake alione likiingia. Kwa hiyo alituma salamu nyumbani kwamba Jumamosi hiyo tutakuja, bila kusema kwa nini.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa naandika barua ya kukutangazia furaha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Bugarama kumsaidia mama mkwe, Mama Limi, kuchambua pamba, ile nyeupe huku na ile yenye madoa kule, maana mwaka huu walivuna sana. Tulikuwa tumekaa uani, mimi nikifanya kazi huku nikinyonya ukwaju, kitu ambacho siku hizi sikiachi. Mkwe wangu, Mzee Mihayo, alikuja akasimama upande wa pili wa ua wa minyaa. Desturi yetu unaijua: mimi na mkwe hatusemezani ana kwa ana, hatukai kiti kimoja, na nikimwona anakuja njiani mimi naingia majanini mpaka apite. Basi akiwa kule nyuma ya minyaa, haonekani, akasema, "Mama Limi, hapo uani mko wangapi?"

Mama akajibu, "Tuko wawili."

"Basi mwambie huyo wa pili kwamba nimepata gari la nyumba hii."

Mama akanigeukia akaniambia, ingawa nilikuwa nimekwisha sikia, "Baba anasema amepata gari la nyumba hii."

Habari ndiyo hiyo. Yuko dereva wa lori anayeitwa Januari, ambaye huvuka mpaka pale Ngara kupeleka mizigo upande wa Wabelgiji, na huko Usumbura ameona gari la Kimarekani kwa mfanyabiashara Mgiriki, injini yake ina silinda nane, linaacha kila gari nyuma, na bei yake anasema ni chini kuliko gari lolote la namna ile linalouzwa Mwanza. Mkwe alinipitishia picha kwa mkono wa mama. Bibi, ni gari zuri, boneti yake pana unaweza kuanikia mihogo, na kiti cha nyuma ni kama kitanda cha watu wawili. Mkwe akaendelea kusema kule nyuma ya ua kwamba ameona wenziwe wakinunua malori, yeye lori hataki, yeye amekula vumbi la watu miaka yake yote na sasa anataka wengine wale la kwake. Na akasema maneno ambayo yaliniingia sana: "Mimi nitakaa mbele na mwanangu, yeye atakaa nyuma na mama yake. Hakuna atakayemgusa mwenzake, na heshima itakuwapo hata tukienda mwendo wa namna gani. Kama ana neno, aseme."

Sasa Bibi, mimi ni bibi arusi wa miezi mitatu, nimepiga magoti juu ya majani ya pamba, mkwe wangu mwenyewe amefikiria mahali pa kunikalisha garini ili nisione haya, nitasema neno gani? Nilipiga makofi mawili madogo, ya kushukuru kwamba nimekumbukwa. Kushukuru tu. Nikasikia miguu yake inaondoka, na mama akanishukuru, "Wabeja, mayu. Mwenye nyumba amekubali." Mwenye nyumba ni mimi.

Kesho yake walichagua ng'ombe sita wakawatenga, na kati ya hao wawili ni wale waliokuwa wamewekewa shemeji yangu mdogo ambaye anataka kuoa baada ya mavuno yajayo. Januari atawapeleka mnadani tarehe kumi na tano mwezi wa tisa, atavuka na fedha, na gari atalileta Bugarama Jumamosi ile ile ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Athanas amekwisha tuma salamu kwamba siku hiyo atakuwapo. Mama amekwisha loweka mtama wa pombe kichwani mwake, anahesabu tu siku. Naye akaniomba neno moja: nisimwambie mume wangu. "Baba yake anataka auone uso wake gari likiingia."

Kwa hiyo magari mawili yataingia katika ua mmoja siku moja, kila moja likimshangaza mwenye lile jingine, na mimi nitakuwa nimesimama katikati nikiwa na siri mbili na mikono mitupu.

Nimefikiri sana lipi ni bora. Nikifikiri la kijani, najua lilikotoka, fundi wake analala nyumbani kwangu, lakini viti ni viwili na njia ya Bugarama ina udongo ule mweusi ambao mvua zikianza hata lori refu hukaa siku tatu. Nikifikiri la Usumbura, ni refu, lina nafasi, lina heshima, lakini nilipoitazama ile picha vizuri niliona usukani uko kushoto, nikamwuliza Januari alipopita. Akacheka akasema, "Dada, usukani ni usukani. Barabara zenu hizi hazina kushoto wala kulia, zina mashimo tu." Sikujua nicheke au nikasirike. Nikimwuliza habari za ushuru wa mpakani anasema hilo niachie mimi, nikimwuliza mara ya pili anasema mwanamke aliyesoma ana maswali mengi.

Nikajaribu kumpima Athanas. Nikamwambia, tuseme umepewa bure gari kubwa la Kimarekani, utafanyaje? Akasema atauza magurudumu yake alinunulie lile la kijani viatu vipya. Nikafurahi, nikasema sasa najua. Asubuhi yake, anakunywa chai, akaniuliza, "Hilo gari lako la kuota lina silinda ngapi?" Nikasema nane. Akaweka kikombe chini, akarudia, "Nane?" Kwa hiyo sijui tena.

Nikimwambia Athanas namsaliti mama mkwe aliyenipenda kama mwanawe. Nikimwambia mama namsaliti Athanas. Nikinyamaza ng'ombe wa shemeji wanakwenda mnadani. Na liko jambo jingine ambalo hata kuliandika naogopa: Athanas akijua kwamba nilimwambia yeye ndiyo kwa gari moja, kisha nikapiga makofi kwa baba yake kwa gari la pili, hatajiuliza ile ndiyo niliyomwambia kanisani ilikuwa ya namna gani?

Siku hizi nimekuwa mtu wa ajabu, nacheka nikipika na nalia nikichambua mchele, na ile petroli niliyoipenda imenigeuka kabisa, ovaroli naianika mbali nyuma ya nyumba na nikimwona anakuja natamani kumkimbilia na kumkimbia. Nadhani ni wasiwasi wa magari. Mshenga wetu, Mzee Onesmo, alipita kutusalimia juzi akaniuliza mbona nimenyauka, nikamwambia ni jua.

Niambie, Bibi, tuchukue gari la hapa au la ng'ambo ya mpaka? Ukichapa barua hii tafadhali usitaje jina langu.

Wako,
Bibi Arusi Mwenye Furaha Iliyochanganyikiwa,
Geita

JIBU

Binti yangu, marahaba. Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukanitajia jina la mumeo, la mkweo, la mshenga, la dereva, na Jumamosi yenyewe watakayokutana. Majina yote yanayosomwa hapa nimeyabadili. Jibu hili nimekutumia pia kwa posta, kwa sababu nikilingoja gazeti likufikie, ng'ombe wale watakuwa wameliwa na watu wa Mwanza.

Nimefurahi kwamba umeolewa vizuri. Mwanamume anayetengeneza rafu ya vitabu arobaini kwa mke mwenye vitabu vinne ni wa kutunzwa, na hilo nalisema kabla sijaanza kukugombeza, ili ujue sikugombezi kwa wivu.

Umeniuliza habari za magari, nami nitakujibu habari za magari kwanza, kwa kuwa hizo ni nyepesi. Gari la ng'ambo mliache. Hakuna mtu wa nyumba yenu aliyeliona, mmeona picha. Bei aliyoitaja Januari ni ya Usumbura. Bado ushuru wa forodha, bado kibali, bado kuliandikisha upande huu, na mtu anayekwambia hilo niachie mimi ndiye mtu ambaye hilo haliachiwi. Likivunjika chuma, spea zake zitoke wapi? Na usukani wa kushoto si mzaha kama anavyoufanya. Huku kwetu tunapita kushoto. Mumeo akiwa nyuma ya lori la pamba, amefunikwa na vumbi, akitaka kulipita, yeye upande wake haoni mbele. Anayeona ni aliyekaa kulia. Aliyekaa kulia, kwa mpango wa nyumba yenu, ni mkweo. Kwa hiyo gari la silinda nane litakwenda kasi likitegemea macho ya mzee ambaye hajapata kukaa mbele ya gari, na ambaye kwa maneno yako mwenyewe hapendi kukaa nyuma ya vumbi la mtu. Mimi nisingelipanda hata nyuma kwenye kitanda.

La kijani mumeo analijua kuliko anavyokujua wewe bado. Ametoa nusu ya bei na amepeana mikono na mtu. Lina kasoro ya tumbo kuwa chini, na mvua zikianza lisitoke Geita kwenda kwenye udongo mweusi, hilo mwambie nimesema mimi. Lakini gari ambalo fundi wake ndiye mwenyewe, na mafundi wenziwe mgodini wanalijua, halitakosa mnunuzi siku mkitaka kulibadilisha. Chukueni la hapa.

Sasa nakuja kwako. Umesoma mpaka darasa la kumi, umeandika barua ndefu kuliko hotuba ya Bwana Shauri, na katika miezi mitatu hujamwambia mtu hata mmoja neno zima. Mumeo amekuuliza kama unalipenda gari, ukamjibu hesabu ya viti. Mkweo amesema kama una neno useme, ukapiga makofi. Mshenga amekuuliza una nini, ukalisingizia jua. Kumfurahisha kila mtu siku ile anapouliza ni kazi rahisi, mwanangu. Ugumu wake unakuja Jumamosi.

Heshima ya mkwe ninaifahamu, nimezaliwa ndani yake na nimeingia majanini mara nyingi kuliko wewe. Lakini haikuumbwa ili bibi arusi awe bubu. Ndiyo maana yule mzee alisimama nyuma ya ua, akasema kwa kinywa cha mkewe, akangoja. Alikufungulia mlango kwa namna ya desturi yenyewe. Ungeweza kumjibu kwa kinywa kile kile: Mama, mwambie Baba nimeshukuru sana, naomba siku chache nizungumze na mume wangu. Hakuna ambaye angekushangaa. Makofi yako mawili hata mimi ningeyasoma kama alivyoyasoma yeye.

Unaogopa kwamba Athanas ataitilia shaka ndiyo ya kanisani. Ile uliisema kwa mdomo, mbele ya padri, na watu waliisikia. Hii ya Bugarama hukuisema. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akiwa na akili, na mtu anayetambua silinda kwa sikio akiwa chini ya lori anayo, ataijua tofauti.

Fanya hivi. Jioni ya siku utakayopata barua hii, mwache ale, kisha mweleze habari ya minyaa na picha na ng'ombe, yote, bila kumsifu katikati. Siri ya mama mkwe utaivunja, na utamwomba radhi, naye atakusamehe kwa sababu ulimhifadhia ng'ombe. Atakasirika mumeo, atatembea tembea nje. Mwache atembee. Pengine atauliza tena habari za silinda nane. Mkumbushe alipeana mikono na nani.

Asubuhi yake mwiteni Mzee Onesmo. Mshenga kazi yake haikwisha siku ya mahari. Huyo ndiye mdomo wenu kwa mzee, na ndiyo maana alipita akakuuliza mbona umenyauka. Aende Bugarama kabla ya tarehe kumi na tano, aseme kwa mzee kwamba mwanawe alikwisha kununua gari kwa jasho lake na alitaka kumshangaza, na kwamba wale ng'ombe sita warudi zizini, wawili wakiwa wa yule mdogo kama ilivyokuwa. Asimtaje bibi arusi kwa lawama. Aseme bibi arusi alishukuru, kwa sababu ni kweli ulishukuru. Januari mpeni nauli ya maneno yake, na asante.

Na ile Jumamosi isivunjwe, wala mtama wa Mama Limi usirudi ghalani. Athanas aende Bugarama na la kijani, ardhi ingali kavu, na wewe utangulie kwa basi siku moja kabla, utapanguswa vumbi ukifika. Gari likiingia uani, kiti cha pili kitakuwa kitupu. Hicho ni cha mkweo. Baba na mwana hawana mwiko wa kukaa pamoja. Mumeo amzungushe mzee mpaka njia kuu na kurudi, apite kila lori atakaloliona, na nyote mliobaki nyumbani mtakula vumbi lake kwa furaha. Alichotaka mzee yule ni hicho, na kimepatikana bila ng'ombe kufika mnadani.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza.

Umeandika kwamba petroli uliipenda kuliko marashi, na sasa imekugeuka. Umetapika njia ya Nungwe, ukasema ni njaa ya kabla ya misa. Ukwaju huuachi. Unacheka jikoni na kulia juu ya mchele. Wewe unasema ni wasiwasi wa magari. Mimi nimezaa watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyesababishwa na gari.

Siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, kabla hujamwambia mumeo habari ya ng'ombe, nenda hospitali ukaonane na muuguzi. Kisha rudi nyumbani, mweleze mumeo yote mawili, la magari kwanza, hili la pili, na baada ya hapo ketini mhesabu viti upya. Mwaka ujao mtauza la kijani mtafute la hapa hapa lenye kiti cha nyuma. Na siku hiyo mtu akikuuliza kama unalipenda, usipige makofi. Sema.